Kubutua au Kwenda: Kocha Mthubutu na Kocha Mwangalifu katika NFL

Januari 2021, katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, Green Bay Packers walitolewa katika fainali ya kanda ya NFC, ambayo kwa hesabu ya mashabiki wa soka ni nusu fainali ya ligi nzima, na lawama zikamwangukia kocha wao kwamba aliogopa. Januari 2024, Detroit Lions walitolewa katika hatua ileile, na lawama zikamwangukia kocha wao kwamba hakuogopa. Mtu anayetaka kuamua ni kocha wa aina gani angemkabidhi timu, awe mmiliki mwenye fedha zake au shabiki anayebishana na wenzake usiku wa manane (maana mechi kubwa za Marekani hutufikia Afrika Mashariki saa ambazo majirani wamelala), hana pazuri pa kuanzia kuliko mechi hizo mbili. Swali lililoulizwa lilikuwa moja, majibu yalikuwa mawili yanayopingana, na yote mawili yalizaa kipigo.

Swali lenyewe linatokana na kanuni. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine 4, ikishindwa mpira huwa wa mpinzani palepale ulipoishia. Linapofika jaribio la nne, kocha ana njia tatu: kuubutua mpira mbali ili mpinzani aanzie nyuma, kupiga teke la kuupitisha kati ya milingoti kwa pointi 3 iwapo umbali unaruhusu, au kwenda, yaani kulitumia jaribio hilo kusaka yadi zilizobaki au tachidauni (kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa goli la mpinzani) yenye pointi 6. Shabiki wa raga wa Kenya hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa amekwisha kuona manahodha wengi wakipewa penalti na kusimama wakijiuliza kama wapige mtini au waupige mpira nje ili wasake trai. Uangalifu na uthubutu wa kocha huonekana pia katika matumizi ya saa na katika namna ya kulinda, lakini kwenye jaribio la nne uamuzi ni wake peke yake na uwanja mzima unamtazama.

Tuanze na yule mwangalifu. Matt LaFleur wa Packers alikuwa nyuma kwa 31-23 dhidi ya Tampa Bay Buccaneers, katika uwanja wa nyumbani wa Lambeau, zikiwa zimebaki dakika 2 na sekunde chache. Lilikuwa jaribio la nne, mpira ukiwa yadi 8 kutoka mstari wa goli, na kwotabeki wake, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, alikuwa Aaron Rodgers, ambaye takriban wiki mbili baadaye alitangazwa kuwa mchezaji bora wa ligi wa msimu huo. LaFleur alimwita mpiga teke, Mason Crosby, na matokeo yakawa 31-26. Hoja yake ilikuwa kwamba bado alikuwa na nafasi zake zote 3 za kusimamisha saa, kwamba ulinzi wake ungewazuia Buccaneers mara moja tu, na kwamba Rodgers angerudi na mpira. Upande wa pili, hata hivyo, kwotabeki alikuwa Tom Brady. Buccaneers walipata yadi walizozihitaji, sehemu kwa juhudi zao na sehemu kwa adhabu waliyopewa Packers kwa kumvuta mpokeaji, wakaimaliza saa, na Rodgers hakuugusa mpira tena.

Wengi walimwita LaFleur mwoga. Mimi naona kosa lake lilikuwa la hesabu kuliko la moyo. Katika dakika za mwisho za mechi hii hazihesabiwi pointi, zinahesabiwa zamu: timu inahitaji kuwa na mpira mara ngapi ili isawazishe au ishinde? Aliye nyuma kwa pointi 8 anahitaji zamu moja, tachidauni pamoja na pointi 2 za nyongeza za kuuingiza mpira golini tena. Aliye nyuma kwa pointi 5 anahitaji zamu ileile moja. Pointi 3 za Crosby zilibadilisha ubao wa matokeo bila kupunguza kazi iliyobaki, na bei iliyolipwa ni mpira uliokwisha kuwa yadi 8 tu kutoka golini. Laiti angekwenda akakosa, Buccaneers wangeanzia mbele ya mstari wao wenyewe wa goli, wakiwa wamebanwa, na bado kazi ya Packers ingekuwa zamu moja.

Dan Campbell wa Lions ni mtu wa mkabala mwingine kabisa. Timu yake haijawahi kucheza Super Bowl, fainali ya ligi nzima, hata mara moja, na msimu ule ilikuwa imeshinda kundi lake kwa mara ya kwanza tangu 1993, kwa mtindo uleule wa kwenda pale ambapo wengine hubutua. Tarehe 28 Januari 2024, dhidi ya San Francisco 49ers mjini Santa Clara, ilienda mapumziko ikiongoza 24-7. Katika robo ya tatu, ikiongoza 24-10, ilifikia jaribio la nne na yadi 2 za kusaka, mpira ukiwa kwenye mstari wa yadi 28 wa 49ers. Teke la pale lingekuwa la takriban yadi 46. Campbell akasema waende. Kwotabeki wake, Jared Goff, alirudi nyuma, akamwona Josh Reynolds aliyekuwa amepata upenyo, akampa pasi. Mpira ukafika mikononi, ukateleza, ukaanguka kwenye nyasi. Muda mfupi baadaye kwotabeki wa 49ers, Brock Purdy, alirusha pasi ndefu iliyogonga kofia ya mlinzi wa Lions, ikaruka juu, na Brandon Aiyuk akaidaka kwa kujirusha. Mashabiki wa Detroit watakuwa wanaiota hadi leo.

Katika robo ya nne, zikiwa zimebaki dakika 7 na ushei, Lions wakiwa sasa nyuma kwa 27-24, jaribio la nne lilifika tena, yadi 3 za kusaka, kwenye mstari wa yadi 30. Teke lingesawazisha. Campbell akaenda tena, pasi ya Goff haikumfikia mtu, na mechi ikaisha 34-31. Baada ya mechi kocha huyo alisema hajutii maamuzi yake na kwamba alijua atahojiwa.

Ukiziweka mechi hizi mbili sambamba, jambo la kwanza unaloliona ni kwamba matokeo ni hakimu mbovu. Laiti Reynolds angeudaka mpira ule, ambao wapokeaji wa ligi hiyo huudaka siku zote, uamuzi uleule ungesifiwa kwa wiki nzima, na ubora wake kama uamuzi usingekuwa umeongezeka hata chembe. Kwa hiyo anayemchagua kocha kwa kuangalia nani aliinua kikombe anachagua kwa nusu ya ushahidi.

Basi kwa nini makocha wengi, kwa miaka mingi, wameegemea upande wa kubutua na kupiga teke? David Romer, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilichambua jambo hili kwa takwimu za NFL katika utafiti uliochapishwa 2006, na akahitimisha kwamba timu zilikuwa zinabutua na kupiga teke mara nyingi kuliko inavyofaa kwa ajili ya kushinda. Mfano rahisi unaonyesha kwa nini. Tuseme ni jaribio la nne, yadi 2 kutoka golini, mapema katika mechi. Teke ni la karibu uhakika: pointi 3. Kwenda, tuseme, hufaulu mara 3 kati ya 7 na huleta pointi 7, yaani 6 za tachidauni na 1 ya teke la nyongeza. Kwa wastani ni pointi 3 zilezile. Lakini ukienda ukakosa, mpinzani anaanzia yadi 2 kutoka goli lake mwenyewe, mahali pabaya mno pa kuanzia, ilhali ukipiga teke unalazimika kumrudishia mpira na yeye anaanzia mbele zaidi. Ukiijumlisha nafasi hiyo, kwenda ni bora, na hata hivyo kwa miongo mingi karibu kila kocha alipiga teke.

Sababu ipo katika ajira zao. Kocha anayebutua na kushindwa huonekana ameshindwa na mpinzani. Kocha anayekwenda na kushindwa huonekana amejishinda mwenyewe. Bill Belichick wa New England Patriots, akiwa tayari na mataji matatu ya Super Bowl, alilionja hilo Novemba 2009 dhidi ya Indianapolis Colts. Akiongoza 34-28, zikiwa zimebaki dakika 2 na ushei, jaribio la nne na yadi 2, alikuwa kwenye mstari wake wa yadi 28, mahali ambapo mwongozo wa desturi haukuwa na neno lingine ila kubutua. Aliona kwamba yadi 2 zingeimaliza mechi palepale, na kwamba kumpa kwotabeki wa Colts, Peyton Manning, mpira, hata kwa kuutupa mbali, ni kumpa mechi. Kevin Faulk wa Patriots aliidaka pasi, waamuzi wakaamua hakufikisha, Colts wakashinda 35-34, na Belichick akachambuliwa kana kwamba amesahau kazi. Yeye alikuwa na heshima ya kuubeba mzigo huo. Brandon Staley wa Los Angeles Chargers, aliyekwenda kutoka mstari wake wa yadi 18 katika mechi ya mwisho ya msimu wa 2021 dhidi ya Raiders na kukosa yadi 1, hakuwa nayo. Maamuzi ya namna hiyo yalimfuata hadi alipofukuzwa Desemba 2023.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba uangalifu ni woga uliovaa suti. Una mantiki yake, na mantiki hiyo imeshinda mataji. Mfano ninaoupenda ni New York Giants wa Bill Parcells katika Super Bowl ya tarehe 27 Januari 1991. Wapinzani wao, Buffalo Bills, walikuwa wametoka kushinda mechi ya kanda yao kwa 51-3, wakicheza kwa kasi ambayo hakuna aliyeweza kuizuia. Parcells, aliyekuwa na kwotabeki wa akiba, Jeff Hostetler, kwa sababu Phil Simms alikuwa majeruhi, aliamua kwamba njia salama ya kuwazuia Bills ni kuwaacha wakae kwenye benchi. Giants walikimbia na mpira, yadi 3 hapa, yadi 4 pale, wakaila saa taratibu. Shambulio lao la kwanza la kipindi cha pili peke yake lilichukua zaidi ya dakika 9. Kati ya dakika 60 za mchezo, mpira ulikuwa wao kwa dakika 40 na sekunde 33. Waliongoza 20-19 sekunde za mwisho, na Scott Norwood wa Bills akapiga teke la yadi 47 lililopita kulia mwa mlingoti. Mashabiki wa soka wangesema Giants walipaki basi, lakini walilipaki wakiwa wao ndio wenye mpira, jambo ambalo soka hailiruhusu kwa urahisi hivyo.

Baltimore Ravens wa msimu wa 2000 walikwenda mbali zaidi. Walicheza mechi 5 mfululizo bila safu yao ya ushambuliaji kufunga tachidauni hata moja, na bado walishinda 2 kati ya hizo. Ulinzi wao uliruhusu pointi 165 tu katika mechi 16, na kocha Brian Billick, ambaye alijulikana awali kwa mbinu za kushambulia, alielewa kwamba kwa ulinzi wa aina hiyo kazi ya kwotabeki Trent Dilfer ni kutoharibu. Walitwaa ubingwa kwa kuwafunga Giants 34-7. Kwa timu kama hiyo kubutua ni shambulio, maana mpinzani anayeanzia nyuma dhidi ya ulinzi ule hatoki huko. Bora nusu shari kuliko shari kamili, na Ravens waliishi kwa nusu shari hadi kikombe.

Sharti, basi, ni ulinzi. Mwangalifu asiye na ulinzi anaahirisha kipigo tu, na hapa ndipo penye ubishi na wale wanaoupenda uangalifu kama tabia njema. Marty Schottenheimer alishinda mechi 200 za msimu wa kawaida kwa mtindo wa kukimbia na mpira na kutofanya makosa, idadi ambayo ni makocha wachache sana wameifikia, lakini katika mechi za mtoano alishinda 5 akashindwa 13. Ajabu ni kwamba katika mechi yake ya mwisho ya mtoano, Januari 2007, akiwa na Chargers waliokuwa wameshinda mechi 14 kati ya 16, aliacha teke akaenda kwenye jaribio la nne lenye yadi 11 za kusaka, akakosa, na mechi ikaisha kwa tofauti ya pointi 3. Uthubutu ambao kocha hajauzoea humponza kuliko woga wake wa kawaida.

Upande wa mthubutu, hakuna picha inayofaa kuitazama kwa karibu kuliko ile ya Minneapolis, tarehe 4 Februari 2018. Philadelphia Eagles, wakiwa na kwotabeki wa akiba Nick Foles, waliongoza 15-12 dhidi ya New England Patriots zikiwa zimebaki sekunde 38 kabla ya mapumziko. Jaribio la nne, yadi 1 kutoka golini. Wakati wa kusimamisha saa Foles alimsogelea kocha Doug Pederson pembeni mwa uwanja na kumtajia jina la mchezo waliokuwa wameufanyia mazoezi. Pederson alinyamaza kidogo, akamkubalia. Mpira ukatupwa kwa mkimbiaji, akampasia mpokeaji Trey Burton, na Burton akamrushia Foles mwenyewe, aliyekuwa amejitenga pembeni kana kwamba hahusiki, tachidauni. Watu hukumbuka ujanja ule, lakini mimi nauthamini zaidi uamuzi wa robo ya nne: nyuma kwa 33-32, dakika 5 na ushei, yadi 1 ya kusaka, mpira ukiwa bado upande wao wa uwanja. Kubutua kungempa Brady, ambaye wakati huo alikuwa Patriots, mpira na uongozi kwa pamoja. Pederson alikwenda, Zach Ertz akapata yadi 2, shambulio likaendelea hadi tachidauni, na Eagles wakashinda 41-33.

Kinachowatofautisha Pederson na mcheza kamari ni maandalizi: mchezo ulikuwepo, ulikuwa umefanyiwa mazoezi, na wachezaji waliuamini. Eagles hao hao wa miaka ya karibuni, chini ya kwotabeki Jalen Hurts, hukaribia kuwa na uhakika wa yadi 1 kwa sababu wenzake humsukuma kwa nyuma kama gari lililokwama kwenye tope, mbinu iliyowaudhi wapinzani kiasi kwamba Mei 2025 pendekezo la kuipiga marufuku lilipata kura 22 za timu, pungufu kwa 2 tu. Mwenye silaha hiyo akibutua kwenye yadi 1 anatupa mali yake.

Lakini uthubutu nao una mahali unapogeuka upofu. Februari 2017, Atlanta Falcons waliwahi kuongoza 28-3 dhidi ya Patriots katika Super Bowl. Ilipofika 28-20, chini ya dakika 5 zikiwa zimebaki, Julio Jones alidaka mpira wa ajabu pembezoni na kuwafikisha kwenye mstari wa yadi 22. Hapo ndipo hesabu ya zamu inapokuwa wazi kabisa: mbele kwa 8, mpinzani anahitaji zamu moja, mbele kwa 11, anahitaji mbili. Kukimbia na mpira mara tatu, kuila saa na kupiga teke la takriban yadi 40 kungetosha. Falcons, walioongozwa katika ushambuliaji na Kyle Shanahan, walirudi kutupa pasi. Kwotabeki wao, Matt Ryan, akaangushwa kwa hasara ya yadi 12, kisha ikaja adhabu ya yadi 10, na wakajikuta wanabutua. Walishindwa 34-28 katika muda wa nyongeza.

Ulinzi nao una sura hizi mbili, ingawa hauhitaji maneno mengi. Januari 2022 Buffalo Bills waliongoza 36-33 mbele ya Kansas City Chiefs zikiwa zimebaki sekunde 13. Waliupiga mpira wa kuanzia mpaka ndani ya goli bila kuila hata sekunde moja, wakawaweka walinzi mbali ili wasipitwe, na kwotabeki wa Chiefs, Patrick Mahomes, akachukua yadi 44 kwa pasi mbili zilizowapata wapokeaji wake wakiwa wamesimama huru. Teke la kusawazisha likafuata, na Chiefs wakashinda katika nyongeza.

Kwa hiyo nikipewa fursa ya kuchagua, namchukua mthubutu, kwa masharti mawili ambayo ningemuuliza kabla ya kutia saini. La kwanza ni kama anathubutu mapema: makocha wengi wanaojiita wathubutu hupiga teke na kubutua robo tatu nzima, kisha huenda mwishoni kwa sababu wamebanwa, ilhali faida kubwa ya kwenda ipo katika robo ya kwanza na ya pili, yadi 1 au 2, wakati ambapo pointi za ziada bado zina muda wa kuzaa. La pili ni kama anajua kuhesabu zamu saa inapozeeka, na kama ana mtu wa kumnong'oneza hesabu hiyo masikioni pale damu inapochemka. Mwangalifu ningemchagua tu iwapo tayari ninao ulinzi wa aina ya Ravens, na kwotabeki nisiyemwamini.

Nikirudi Santa Clara kwa kipimo hichohicho, maamuzi mawili ya Campbell hayafanani, ijapokuwa yamelaumiwa kwa pumzi moja. La kwanza lilifanyika zikiwa zimebaki zaidi ya dakika 20, yadi 2 tu, Lions wakikimbia na mpira watakavyo. Ningekwenda, na kesho ningekwenda tena. La pili lilikuwa na dakika 7 na ushei, yadi 3, na teke moja lingefuta pengo lote. Hapo ningemwita mpiga teke wa Lions, Michael Badgley, avae kofia yake na aingie.